Sanduku Moja na Mama Mkwe

Tangu mama mkwe wake aje kukaa kwake Nyasho, mjini Musoma, Bernado alikuwa anakohoa kuliko mgonjwa. Alikohoa akifungua geti. Alikohoa akivuka uani kwenda chooni, na akitoka chooni akakohoa tena. Jirani mmoja akamvuta pembeni, akamwambia kwa huruma kwamba dawa za kifua kikuu siku hizi hazilipiwi. Bernado akamwambia aende zake. Kifua chake kilikuwa kizima kabisa. Alikuwa anatoa taarifa tu kwamba anapita, ili mama mkwe avute pazia, kwa sababu kwa watu wa kwao mwanaume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawali sahani moja, na wakikutana njiani mmoja lazima aingie majanini.

Mama Euphrasia hakuja kutembea. Aliteleza kwenye mwalo wa samaki wa Kibara akavunjika mguu, na mguu ulipounga ukagoma kunyooka. Hospitalini Musoma walimpangia mazoezi ya miezi mitatu. Daktari alisema wazi: akiacha katikati, mguu utabaki umepinda hivyo hivyo mpaka anaingia kaburini. Kibara hakukuwa na mtu wa kumpeleka mazoezini, basi Gaudensia, binti yake, akamchukua na kumweka kwenye chumba cha uani chenye mlango wake mwenyewe, kilichopakana ukuta na sebule.

Wiki ya kwanza haijaisha, mama akaanza kutafuta sababu ya kuondoka. Mara joto. Mara mbu wa mjini hawana adabu. Mara, "Mimi nikae hapa kila siku mkwe wangu anakohoa mpaka mapafu yatoke? Nirudisheni kwangu."

Bernado alikuwa fundi wa injini za mitumbwi. Alikuwa hapendi kitu kitoke karakana kikiwa nusu kizima. Hivyo ndivyo alivyojielezea mwenyewe, kwamba suala ni mguu. Kwamba alikuwa amemzoea yule mama kwa kumsikia tu akicheka nyuma ya pazia, hilo hakumwambia mtu.

"Ana upweke," alisema Gaudensia. "Tumnunulie kompyuta aangalie vitu vyake."

"Na mimi nahitaji ya chuo," alidakia Gody, mdogo wake Gaudensia, aliyekuwa anasomea mambo hayo hayo ya kompyuta na kulala sebuleni kwao.

"Na mimi ya michoro ya sare za kwaya. Ile ya zamani imekufa," alisema Gaudensia.

"Na mimi," alisema Bernado, ambaye jioni alikuwa anapenda kuangalia Wajapani wakifungua injini. "Kwa hiyo nne? Nani anafunga injini nne kwenye mtumbwi mmoja?"

Gody akacheka. "Shemeji, inatosha moja. Unatafuta moja yenye nguvu, unaigawa kwa ndani inakuwa nne. Kila mtu na kioo chake, na kibodi yake, na faili zake. Wote tunafanya kazi kwa wakati mmoja."

"Unaigawa kwa msumeno?"

"Kwa programu."

Bernado hakuamini, lakini alipenda wazo. Wakaenda Bunda, Manyamanyama, kwa Anuari, muuza kompyuta zilizotumika ambaye angeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe ukashukuru. Anuari aliwaonyesha sanduku kubwa jeusi lililotoka kwenye ofisi fulani iliyofungwa, zito kama gunia la mahindi mabichi.

"Kaka Bernado, hii ni nyumba ya kupangisha," alisema Anuari akiligonga mgongoni. "Ndani unakata vyumba. Kila mpangaji anaingia kwake anafunga mlango, hajui kama kuna mwenzake. Mmoja akiharibu kwake, wengine wanaendelea. Naapa, hata wagombane hawasikiani."

"Hawasikiani kabisa?"

"Kabisa."

Hilo ndilo lililomvuta. Nyumba ambayo watu wake hawasikiani, na ndani kuna mama mkwe. Akalichukua.

Kazi ikafanyika Jumapili nzima. Bernado alifunga kadi za picha na kuongeza memori kama anayefunga pistoni, akitukana kila skrubu kwa jina lake. Halafu akatoboa ukuta kwa drili yake ya karakana, nyaya za kioo na kibodi zikapita mpaka chumba cha mama. Tundu alilitoboa kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika, maana drili ile ilizoea chuma. Gody akakaa kwenye programu. Akaigawa kompyuta zikawa nne, akazipa majina: Moja, Mbili, Tatu, Nne.

"Moja yako, shemeji. Mbili ya dada. Tatu yangu. Nne ya mama."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa asubuhi. Mchana waya mrefu wa kwenda kwa mama ulikataa kukaa kwenye tundu la Nne nyuma ya sanduku, ukakubali kwenye la Tatu, basi Gody akabadilisha: Tatu ikawa ya mama, Nne ikawa yake. Hakumwambia mtu, kwa sababu alikuwa na njaa.

Ilifanya kazi. Bernado alisimama katikati ya sebule akaangalia vioo vikiwaka, Gaudensia anachora kola, Gody anaandika kazi ya chuo, na kwenye lile tundu la ukuta sauti ya mama mkwe inasema, "Yesu wangu, hiki kinaniuliza lugha!" Na sanduku ni lile lile moja, linanguruma taratibu chini ya meza. Bernado alijisikia kama mtu aliyezaa.

Kuanzia siku hiyo mama hakutaja tena Kibara. Alikwenda mazoezini bila kuvutwa, akarudi haraka, akajifungia. Gody alikuwa amemwonyesha drafti.

Drafti lile lilikuwa la bure, halihitaji bando, linachezwa kati ya kompyuta na kompyuta humo humo ndani ya sanduku. Bernado naye alilikuta kwenye yake. Akafungua, akaona jina moja linangoja mpinzani: Tatu.

"Haa, Gody," akasema moyoni. "Leo ndiyo leo."

Alipigwa. Siku ya pili akapigwa. Siku ya tatu akaanza kuandika kwenye kile kisehemu cha maneno pembeni, maana drafti bila maneno ni kama ugali bila mboga.

*Unabahatisha tu wewe*, aliandika.

Jibu likaja taratibu, herufi moja moja kama kuku anadonoa: *Bahati imekula kete zako sita.*

*Nani alikufundisha drafti?*

*Baba yangu. Na wewe nitakufundisha adabu.*

Bernado akacheka. Baba mkwe wake, Mungu amrehemu, kweli alikuwaga mchezaji. Ila kijana huyu alikuwa na mdomo, na mdomo ulimfurahisha. Mezani Gody alikuwa mpole, anasema asante shemeji, pole shemeji. Kwenye drafti, amempa Bernado mgongo akigonga kibodi, alikuwa nyoka. Ikawa kila jioni Bernado anarudi mbio kutoka karakana, anakohoa getini, anakohoa uani, ananawa grisi nusu, anakaa. Na kila jioni anapigwa. Maneno yakapanda.

*Unachezaga kama kibibi kilichosahau miwani*, aliandika Bernado.

*Kibibi hicho kimefika mwisho wa ubao wako na kuingia kingi.*

*Ngoja kesho. Nitakuchapa makalio mpaka uombe maji ya kunywa.*

Jibu likaja: *Mtoto huna haya wewe. Njoo hiyo kesho, niletee na hao wenzako wote unaowategemea.*

Bernado aligonga meza kwa furaha. "Mama Edwin," alimwambia mkewe, "mdogo wako huyu ana akili. Mimi nilikuwa namdharau."

"Gody?" alisema Gaudensia, akamwangalia vizuri kama ana homa.

Kesho yake Bernado alikuwa anaongoza kwa mara ya kwanza. Kete nane kwa sita. Alivua shati kwa ajili ya kazi hiyo. Aliandika, *Inamisha makalio yako nakuja*, akacheza, akakaa kusubiri.

Gody akaingia kutoka jikoni, sahani ya ugali na sato mkono huu, bakuli la mchuzi mkono ule.

Kwenye kioo, kete ya Tatu ikasogea. Ikaruka. Ikaruka tena. Ikala tatu.

Bernado akaangalia kioo. Akaangalia mikono ya Gody.

"Wewe umechezaje?"

"Nimecheza nini, shemeji?"

"Drafti! Umekula kete zangu tatu sasa hivi!"

"Mimi hata sijakaa. Nimeshika mchuzi."

Kwenye tundu la ukuta kikasikika kicheko. Kilikuwa kicheko cha mtu mzima aliyeshiba, kinaanzia tumboni. Halafu maneno yakaanza kutokea kwenye kioo, herufi moja moja: *We Gody mbona umenyamaza, makalio yamekuuma?*

Gody akayasoma. Mchuzi ukamwagika. Kabla Bernado hajamziba mdomo, akapaza sauti kwenye lile tundu kama mjinga: "Mama! Unacheza na nani?"

"Si na wewe uliyenionyesha!" mama akajibu kwa furaha.

"Mimi niko hapa na shemeji!"

Halafu ukutani ikasikika zipu ya begi.

Basi ikawa msiba usio na maiti. Mama Euphrasia alijifunika khanga kichwani na kusema jambo moja tu, kwamba amekaa na mkwe wake ndani ya sanduku moja, wametajana makalio, na hawezi kulala tena kwenye kiwanja hicho. Kesho anakwenda Kibara. Mguu? Mguu na uende unakokwenda. Gaudensia alilia. Halafu akamgeukia mumewe.

"Mguu wake ukipinda, Baba Edwin, nitakuwa nakuangalia wewe kila akichechemea."

"Nilijuaje? Nilidhani ni huyu ng'ombe!"

"Na huyu ng'ombe ndiyo unamwambia maneno hayo? Mtoto wa mama yangu?"

Bernado alifanya alichoweza. Alimpigia simu Mzee Alfonsi wa Butiama, kaka yake mama Euphrasia, mtu pekee ambaye mama alimsikiliza na ambaye alipenda mashauri kuliko nyama. Halafu akampigia Anuari.

"Uliniapia hawasikiani," alisema. "Njoo uyaseme hayo mbele ya wazee, au hilo sanduku nitakurudishia kwa njia ya dirisha."

Asubuhi wakakaa uani. Mzee Alfonsi kwenye kiti cha mikono, Anuari na kofia yake safi kwenye benchi, Gody na Gaudensia kando. Bernado alikaa amewapa mgongo wote, akiangalia ukuta, kwa sababu mama Euphrasia alikuwa amekaa nyuma ya pazia la mlango wake, begi liko miguuni. Sanduku lenyewe lililetwa likawekwa katikati, juu ya stuli, kama mshtakiwa.

"Wewe ndiye mjenzi?" Mzee Alfonsi alimuuliza Anuari.

"Mimi ndiye muuzaji, mzee."

"Sawa. Humo ndani kuna vyumba vingapi?"

"Vinne."

"Vina kuta?"

"Vina kuta, mzee, imara kuliko hizi za tofali. Mtu wa chumba hiki hawezi kujua kama cha pili kipo."

"Mlango wa kuingilia?"

"Umeme unaingia kwa waya mmoja, halafu kila mtu kwake."

"Jiko?"

Anuari alifikiri kidogo tu. Hakuwa mtu wa kushindwa na swali. "Jiko moja, mzee. Linapika kwa zamu, haraka sana, mpaka kila mmoja anadhani anapikiwa peke yake."

"Kama mwanaume wa wake wanne."

"Hapo umenena, mzee wangu."

"Choo?"

"Choo?"

"Nyumba ya watu wanne haina choo? Mkwe na mama mkwe wanatumia choo kimoja humo?"

"Ah!" Anuari akainua kidole. "Kila mmoja ana pipa lake la takataka. Lake peke yake. Unafungua kompyuta, unaliona pale pale kwenye kona."

Mzee Alfonsi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Ni wazi choo ndicho kilikuwa kinamtia wasiwasi. "Sasa kama kuna kuta, na kila mtu ana choo chake, hawa wawili walikutania wapi?"

Anuari akakohoa. "Kwenye koridoo, mzee."

"Nani kaweka koridoo?"

Watu wote wakamgeukia Gody.

"Niliiweka kwa ajili ya printa," alisema Gody kwa sauti ya kuku mgonjwa. "Printa ni moja. Ili wote wachape, lazima kompyuta zifikiane. Drafti likapita humo humo."

"Kwa hiyo," Mzee Alfonsi alisema polepole, akiyaonja maneno, "hawakukaa chumba kimoja. Walikutana koridoo. Koridoo watu wanapita. Si kosa kupita. Kosa ni kupita bila kukohoa. Bernado!"

"Mzee," Bernado aliujibu ukuta.

"Ulikohoa?"

"Nilikohoa getini na uani."

"Nimeuliza humo ndani. Ulikohoa?"

"Mzee, kompyuta hata maiki haina!"

"Hukukohoa." Mzee akafunga shauri kwa kiganja cha mkono gotini. "Basi. Dada yangu Euphrasia, hujakaa na mkwe sanduku moja. Mlipishana gizani. Huyu kijana mkubwa ataomba msamaha kupitia kwangu. Koridoo inafungwa leo hii, Anuari anaifunga, na wewe unabaki kwenye mazoezi yako. Tumemaliza. Kuna chai?"

Bernado akashusha pumzi. Anuari akaanza kutafuta kibodi. Ndipo pazia likatikisika.

"Alfonsi."

"Naam, dada."

"Mkifunga hiyo koridoo, drafti linabaki?"

Anuari akajibu kwa niaba. "Halibaki, mama. Litabaki la kucheza na kompyuta yenyewe."

"Nililijaribu. Linacheza kijinga. Ukilitukana halijibu." Begi likaburutwa. "Basi nipelekeni Kibara."

"Dada, si tumeshamaliza aibu?"

"Aibu imekwisha, nimekubali. Sasa naondoka kwa sababu ya upweke. Nikae miezi miwili naangalia pazia? Tena nilikuwa naongoza. Nilikuwa nimebakiza michezo miwili nifike hamsini."

"Alikuwa haongozi!" Bernado aliuambia ukuta. "Ule wa jana mimi nilikuwa na kete nane!"

"Alfonsi, mwambie huyo mtu kete nane zilibaki tano."

"Anasema zilibaki tano."

"Nimesikia, mzee."

Gaudensia alizika uso kwenye viganja. Mabega yalikuwa yanacheza, na haikuwa kwa kulia.

Bernado aliangalia ukuta. Alikuwa anaona jinsi mambo yatakavyokwenda: begi, stendi, Kibara, mguu uliopinda, mkewe akimwangalia kila mama akichechemea. Na jioni, sebule, kioo, na Gody anasema pole shemeji. Akageuza kichwa nusu, kiasi cha kumwona mzee peke yake.

"Mzee Alfonsi. Muulize mama, wakati yuko Kibara, si tulikuwa tunaongeaga kwa simu?"

"Anauliza, si mlikuwa mnaongeaga kwa simu?"

"Ndiyo. Simu iko mbali. Sauti inazunguka huko minarani ndiyo inakuja. Hiyo haina neno."

"Basi Anuari," alisema Bernado, "hakuna drafti la kuzunguka? Linalotoka nje kabisa?"

Anuari alikuwa ameshaelewa, maana aliona hapo ndipo sanduku lake linapookolewa. "Lipo! La mtandao. Wewe unasogeza kete hapa, inatoka, inakwenda kwa wenye mchezo, inarudi mpaka kwa mama."

"Inakwenda mpaka wapi?" aliuliza Mzee Alfonsi.

"Sina hakika, mzee. Ng'ambo. Labda Ulaya."

"Halafu inarudi hapa."

"Inarudi hapa."

Mzee Alfonsi alipima kwa macho umbali kati ya kiti cha Bernado sebuleni na kitanda cha dada yake, ambao haukuzidi unene wa tofali moja na plasta. Halafu akaangalia juu, upande ambao pengine alidhani Ulaya iko.

"Ulaya ni mbali ya kutosha," alisema.

"Lakini maneno," ilisema sauti ya nyuma ya pazia. "Alfonsi, yale maneno."

"Ndiyo. Bernado, maneno yatakuwa ya mkwe. Utaanza na shikamoo. Hutataja kiungo chochote cha mwili, hata sikio. Ukila kete unaomba samahani."

"Mzee, drafti bila maneno—"

"Mguu wa mama yako umepona?"

"Haujapona."

"Basi omba samahani."

Zipu ya begi ikasikika tena, safari hii ikifunguliwa.

Jioni ile Bernado alivaa shati, akafunga mpaka kifungo cha shingo, akakaa. Koridoo ilikuwa imezibwa. Gody sasa alikuwa anachapa kazi zake kwa kubeba flashi. Drafti la ng'ambo lilichelewa kufunguka kwa sababu ya bando, kisha jina likatokea: Euphrasia wa Kibara. Hakukuwa tena na Tatu.

*Shikamoo mama*, aliandika Bernado. *Umeshindaje. Mazoezi yamekwendaje.*

*Marahaba mwanangu. Leo wameuvuta mpaka nikaona nyota. Kesho tena. Anza wewe.*

Akaanza. Walicheza kimya, kila kete ikienda zake Ulaya na kurudi. Mchezo ulifika katikati, akaona nafasi, kete ya mama imekaa wazi kama mlango wa kanisa. Akaandika kwanza, kwa adabu zote.

*Samahani sana mama, naomba kula kete yako moja.*

*Kula mwanangu, usione haya.*

Akala. Ndipo akaona alichokula kilikuwa chambo. Kete za mama ziliruka upande huu, zikaruka upande ule, zikapita katikati ya watu wake kama mbuzi katikati ya mahindi, zikaishia kwenye mstari wa mwisho.

*Pole baba. Nimekula nne na hii ni kingi. Nisamehe sana.*

Bernado alishika meza kwa mikono miwili. Alikuwa na neno zuri mno, neno la karakana, lililokomaa, lenye viungo vya mwili visivyopungua vitatu. Lilimjaa mdomoni. Upande wa pili wa ukuta hakukusikika kicheko. Kulisikika tu mtu anayepumua kwa shida kupitia khanga aliyoiuma kwa meno.

Alilimeza neno lote, likashuka vibaya, na kwa kidole kimoja akaandika: *Asante mama.*